Mkono Uliobaki Hewani Keroka



Wacha nianze na soko la Keroka, pale mpaka wa Kisii na Nyamira unapopita katikati ya mji, hata unaweza kununua ndizi kaunti moja ukapandia matatu kaunti ya pili. Dada yangu mdogo alikuwa amesimama karibu na wauza mitumba. Alikuwa ameolewa miezi mitano tu, na ndiyo mara yake ya kwanza kurudi nyumbani akiwa amevaa buibui. Mzee mmoja wa ukoo wetu akamwona kwa mbali. Akakatiza mazungumzo yake, akahamishia bakora mkono wa kushoto, akaja anatabasamu, mkono wa kulia umetangulia.

Dada akarudi nyuma hatua moja, akaingiza mikono ndani ya buibui, akainamisha macho. Hakusema kitu.

Ule mkono ukabaki hewani. Na Keroka siku ya soko hakuna jambo linalofichika. Mama mboga waliona, vijana wa bodaboda waliona, na kabla dada hajafika nyumbani habari ilikuwa imeshafika. Mzee hakugombana. Alishusha mkono, akageuka, akaenda zake. Tangu siku hiyo hakukanyaga kwa baba yangu zaidi ya mwaka mmoja. Alituma neno moja tu: "Mwambieni msichana wangu kwamba mimi sina ukoma."

Sasa, nani alikosea? Nyumbani kwetu jibu lilikuja kwa sauti ya juu kutoka pande mbili. Upande mmoja ukasema dada amefanya sawa, dini kwanza, asiyetaka aache. Upande wa pili ukasema hii ni dini gani ya kumnyima mzee salamu. Mimi nasema hivi, na najua wengine hamtakubaliana nami: kwenye hukumu dada alikuwa sahihi. Kwenye mengine yote alikosea. Na kosa hilo si lake peke yake, ni letu sisi tuliomfundisha cha kukataa bila kumfundisha cha kutoa.

Hebu tuanze na hukumu, manake hapo ndipo wengi wetu tunayumba. Mzee yule ni binamu wa baba. Kisheria si maharimu, na wanazuoni wengi wanakataza mkono baina ya mwanamke na mwanamume asiye maharimu. (Wako waliolegeza kwa mzee sana, wa Kihanafi hasa, lakini hilo muulize sheikh wako, usiniulize mimi.) Tatizo ni kwamba kwa Ekegusii mzee yule haitwi binamu wa baba. Anaitwa tata. Baba yako mzazi ni tata, ndugu yake baba ni tata, binamu yake baba naye ni tata. Lugha imewaweka wote chumba kimoja, sheria inapitisha ukuta katikati ya chumba hicho. Mzee hakuja kumpa mkono mwanamke wa kando. Alikuja kumpa mkono binti yake. Wewe unayemhukumu kwamba alitaka kumshika mwanamke asiye wake, jua hilo halikuwa akilini mwake hata kidogo.

Na upande wa pili kuna wenzetu, hasa waliosilimu juzi, wanaochora ukuta mahali ambapo sheria haikuuweka. Nimemwona msichana akimnyima mkono babu yake mzaa mama! Babu ni maharimu. Ami ni maharimu, mjomba ni maharimu. Hao wote wamo katika Suratun Nisaa, aya ya 23, kaisome leo kabla hujalala. Msichana yule alimliza mzee wa watu bure, kwa jambo ambalo dini haikumwomba.

Kando kidogo: kama wewe ni mgeni kwetu, usishtuke ukisikia mtoto anamwita mama yake "baba". Kwa Ekegusii baba ndiye mama. Na ukiambiwa "yaya" hujaitiwa mlezi wa watoto, umeambiwa hapana. Ustadh mmoja aliyetoka Pwani alimaliza wiki nzima akidhani kijiji chetu hakina akina mama.

Turudi. Kuna neno ambalo kila Mwislamu wa Kisii na Nyamira anapaswa kulijua vizuri kuliko linavyojulikana sasa: chinsoni. Wazee wa Gusii wamejenga adabu yao yote juu ya neno hilo. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mzazi na mtoto hawazungumzi mambo ya chumbani, wala hawasikilizi mzaha wa aina hiyo wakiwa pamoja. Mama mkwe na mume wa binti yake wanapeana nafasi. Lakini babu na mjukuu wako huru, wanataniana mpaka mgeni anaona haya. Sikiliza neno lenyewe. Waswahili wanasema kuona soni, yaani kuona haya. Ni neno lile lile, mzizi mmoja, limevaa kiambishi kingine tu. Kwa hivyo ukisimama pale kijijini ukawaambia watu kwamba wewe umewaletea haya, wanakuangalia tu. Walikuwa nayo kabla babu zetu hawajasikia adhana.

Lakini isikudanganye kwamba ni kitu kimoja. Mipaka haikai mahali pamoja, na hapa ndipo kuna utamu wake na hatari yake. Kwa Waislamu, baba mkwe ni maharimu wa mkamwana wake, anaweza kumpa mkono, anaweza kusafiri naye. Kwa Gusii huyo ndiye hasa wa kuwekewa umbali, na mkamwana anayemzoea mkwe wake anaonekana hana malezi. Geuza sasa. Shemeji wa rika lako, kwa desturi yetu, ni wa utani, anaingia na kutoka, anakuita "mke wetu" mbele ya watu na wote mnacheka. Naye huyo huyo ndiye Mtume swalla Allahu alayhi wasallam alituonya naye kwa maneno makali mno, akamfananisha na mauti. Umeona? Yule ambaye sheria imekufungulia, desturi inakufungia, na yule ambaye desturi imekufungulia, sheria inakufungia. Bibi harusi wa Kiislamu akiingia boma la Gusii bila kuambiwa hili, atakosea kwa wote wawili siku moja, tena akiwa na nia safi.

Nami nisijifanye mjuzi. Nilipotoka Mombasa baada ya miaka minne ya masomo, nilirudi nikiwa nimejaa. Nilimkuta nyanya amekaa nje anachambua chinsaga. Nikainama nikasema "Shikamoo nyanya", nikachukua mkono wake kuubusu kama nilivyoona watoto wa Mombasa wakiwafanyia wazee wao. Nyanya akanyakua mkono wake kama aliyeguswa na moto. Akauliza kwa Ekegusii kama huko Mombasa hawatulishi. Alidhani nataka kumuuma! Sikucheka siku hiyo. Nilikasirika, nikamwambia hiyo ndiyo adabu ya Kiislamu.

Ilikuwa adabu ya Pwani. Nilichukua miaka kutofautisha. Shikamoo ni neno la Kiswahili, asili yake ni kusema nashika miguu yako, wala halimo katika sunna. Kusema "naomba maji" badala ya "nipe maji" ni uzuri wa Waswahili, na mimi naupenda, lakini Mkisii anayesema "nipe maji" hajatukana mtu. Ekegusii ndiyo inayomsemesha hivyo, inaomba moja kwa moja. Wenzetu wa Pwani wanatuona tuna amri nyingi. Na wazee wa kwetu, wakisikia salamu ndefu ya Pwani, habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za tangu jana, wanaanza kujiuliza huyu anataka kukopa pesa ngapi. Kanzu, kofia ya vito, busu la mkono, hata namna ya kukunja miguu jamvini: mengi katika hayo ni ya watu wa Lamu na Mombasa, watu wetu, tunawapenda, lakini si nguzo za dini. Ukimfundisha Mgusii aliyesilimu kwamba lazima awe Mswahili ndipo awe Mwislamu, umemwongezea nguzo ya sita.

Kwa nini mkono una uzito hivyo huku kwetu? Kwa sababu huku salamu ni ushahidi. Mtu akikupa mkono amekuonyesha hana jambo moyoni juu yako. Asiyesalimu, anayepita kimya, anayekwepa watu, huyo watu wanaanza kumhesabia siku: ng'ombe wa nani alikufa, mtoto wa nani aliumwa. Mnajua hilo huishia wapi. Oktoba 2021, Marani, wanawake wanne wazee waliuawa na kundi la watu kwa tuhuma za uchawi. Siwezi kusema kwamba salamu ingewaokoa, huo ungekuwa upuuzi, na waliouawa hawakuwa na kosa la kujieleza kwa mtu yeyote. Nasema tu kwamba tunaishi mahali ambapo ukimya husomwa, na wasomaji wake si wapole kila siku. Dada yangu aliporudi nyuma hatua moja akanyamaza, yeye alidhani ametoa ujumbe mmoja. Soko likasoma mwingine.

Mtu ataniambia: kwa hivyo tutoe mkono tu, yaishe? Hapana. Sikiza.

Mtume swalla Allahu alayhi wasallam alipopokea baia ya wanawake, bibi Aisha radhiallahu anha anatueleza kwamba hakugusa mkono wa mwanamke wa kando. Aliwachukua kwa maneno. Lile la kutogusa sote tumelishika. Lile la maneno je? Mkono ulikosekana, maneno yalikuwepo, na hakuna mwanamke aliyeondoka pale akijiona amedharauliwa. Sisi tumechukua nusu.

Na usiniambie watu wa kijijini hawawezi kuelewa. Tarehe 13 Machi 2020 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona Kenya, na haukupita muda hata wazee wa Nyamira walikuwa wanaweka mkono kifuani, wanagusanisha viwiko, wanapungiana kutoka upande wa pili wa barabara. Nani alikasirika? Waliambiwa sababu, wakaona kila mtu anafanyiwa vile vile, wakakubali. Mambo mawili hayo yashike: sababu, na usawa.

Yalimsaidia hata mwenzetu wa Sweden. Farah Alhajeh aliomba kazi ya ukalimani mjini Uppsala, mwanamume wa ofisini akanyoosha mkono, yeye akaweka wake kifuani na kueleza. Usaili ukakatizwa pale pale. Akaenda mahakamani, na mwaka 2018 mahakama ya kazi ya Sweden ikaamuru alipwe kronor 40,000. Kampuni ilidai inatetea usawa wa wanaume na wanawake. Jibu lake lilikuwa kwamba akiwa mbele ya wanaume na wanawake pamoja huwasalimu wote namna moja, mkono kifuani. Hapo hoja ya ubaguzi ikakosa miguu. Mwisho wa mwaka huo huo, jirani zao Denmark walipitisha sheria kwamba anayepewa uraia lazima ampe mkono afisa kwenye sherehe. Kwa hivyo jamani tusidhani ni ushamba wa Keroka. Hata Ulaya wanapelekana mpaka bungeni juu ya kiganja cha mkono. Na ndugu zetu Wakisii walioko Minnesota, ambako wamejaa kweli kweli na majirani zao ni Wasomali, watakuambia wamejifunza huko kile ambacho sisi hatujajifunza hapa.

Sasa upande wa haki, manake adabu isiwe ya kutudai sisi peke yetu.

Kwa Gusii, kijana hamkodolei macho mzee. Mwanaanthropolojia Mmarekani Robert LeVine, aliyeanza utafiti wake Gusii miaka ya 1950, aliandika kwamba hata mama wa Kigusii hakuwa na desturi ya kumtazama mtoto wake machoni muda mrefu kama mama wa Boston, na kwamba watu wazima walizungumza wakiwa wamekaa ubavu kwa ubavu, si uso kwa uso. Kaa na wazee wawili chini ya mti mpaka leo utaona. Ongeza juu yake kijana wa Kiislamu aliyefundishwa kuteremsha macho. Sasa mpeleke kijana huyo mbele ya afisa, awe wa polisi, wa usaili wa kazi au wa kitambulisho. Swali la kwanza: "Mbona huniangalii? Unaficha nini?" Mimi mwenyewe niliulizwa hivyo, ofisi siitaji. Nilikuwa namheshimu yule mtu. Aliandika kwenye karatasi yake kwamba najibu kwa wasiwasi.

Wanubi wa Kisii wanalijua hili kuliko mimi. Wazee wao waliletwa Kenya na jeshi la Mwingereza zaidi ya miaka 100 iliyopita, na bado vijana wao kwa miaka mingi walipelekwa mbele ya kamati za kuhakikiwa kabla ya kupata kitambulisho, jirani yao Mkisii akipata chake bila kamati. Kamati ya Afrika ya haki za mtoto ilisema mwaka 2011 kwamba Kenya inawakosea watoto wa Kinubi, na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ikasema hivyo tena mwaka 2015 juu ya jamii nzima. Ulipokaa mbele ya kamati ya namna hiyo, kila kitu chako kilisomwa: jina, kofia, lafudhi, macho yako yako wapi. Kijana aliyeteremsha macho kwa heshima alionekana mgeni anayedanganya. Kwa hivyo tunapowaambia dada zetu wajifunze chinsoni, na maafisa nao wajifunze kwamba macho yaliyoteremshwa si ungamo. Hilo tulidai kwa maandishi, kwa majina ya ofisi na tarehe, si kwa kelele za mtandaoni.

Chakula sitakaa nacho sana. Ukichinjiwa kuku kwetu umepewa heshima kubwa, na ukimwacha kwenye sahani umemtukana mwenye nyumba. Sema mapema, kabla kisu hakijatoka, "nipeni nichinje mwenyewe", na utaona watu wanafurahi kukupa. Wengi wa majirani zetu ni Wasabato, nguruwe hawali, pombe hawanywi. Kwenye obokima na mboga hakuna vita. Ugumu uko kwenye mikono na kwenye msiba, na msiba, kwa sababu ya kilio chao na kimya chetu, unahitaji makala yake.

Nilisema zaidi ya mwaka mmoja. Mwaka huu dada aliamua kwenda. Nilimsindikiza mpaka bomani kwa mzee, upande wa Nyamira, akiwa na kilo mbili za sukari, robo ya majani na mkate. Mzee alikuwa amekaa nje kwenye kigoda. Dada akasimama mbali kidogo, akaweka mkono wa kulia kifuani, akakunja magoti kidogo.

"Bwakire, tata."

Mzee akakaa kimya muda mrefu. Halafu akauliza bila kumtazama:

"Huo mkono umepona?"

"Haukuwa mgonjwa, tata. Ni dini yangu. Mwanamume asiyenizaa, asiye ndugu wa tumbo moja na wazazi wangu, simpi mkono. Siku ile nilipaswa kukueleza, nikashindwa. Nisamehe kwa kunyamaza."

Sikiza vizuri: hakuomba msamaha kwa mkono. Aliomba kwa kunyamaza.

"Na huyo sheikh wenu aliyekufundisha," mzee akasema, "yeye unampa?"

"Hata yeye simpi."

"Hata yeye?"

"Hata yeye, tata."

Mzee akatazama shamba lake la chai kwa muda. Naona hilo ndilo lilimgeuza kidogo, kwamba hakunyimwa peke yake. Akamwita mkewe. Mama akatoka jikoni anafuta mikono kwenye leso, na dada akamshika mikono yote miwili, hakuiachilia haraka. Mzee akawaangalia wale wawili, akaniangalia mimi, kisha akaniambia niache kusimama kama mlingoti, nipeleke hiyo sukari jikoni chai ipikwe.